Habari za Merikani na Kanga

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari za nguo. Wala si nguo za wafalme, ila zile za kujifunga kiunoni na kujitanda kichwani, ambazo kila mmoja wetu alizaliwa akazikuta nyumbani kwao. Yamkini mmoja wenu atasema, "Habari za nguo ni habari za wachuuzi, zina elimu gani?" Namwomba asubiri kidogo. Mtu akitaka kujua jinsi mali inavyoingia katika nchi, na jinsi inavyogeuza desturi za watu, hana haja ya kuanza na hesabu za benki. Na afungue sanduku la bibi yake, atazame ndani.

Wazee wa pwani na wa bara walijua sana neno hili, merikani. Ni ile nguo ya pamba iliyo nzito, yenye weupe uliofifia, isiyotiwa rangi wala dawa ya kuing'arisha. Wengi wamelitumia neno hili maisha yao yote bila kuuliza limetoka wapi. Limetoka Marekani, na nguo yenyewe ilitoka huko, katika jimbo la Massachusetts, na marikebu zilizoileta zilikuwa hasa za mji mdogo wa bandari uitwao Salem. Mwaka 1833, mwezi wa Septemba, Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, jina lake Edmund Roberts. Mwaka 1837 akaja Unguja balozi wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, naye alikuwa mfanyi biashara wa Salem. Hata mwaka 1840 Sayyid Said alipeleka marikebu yake mwenyewe, Sultana, mpaka New York, chini ya Ahmad bin Naaman. Ilikwenda na tende, kahawa, karafuu na pembe, ikarudi na shehena ambayo ndani yake mlikuwamo merikani.

Watu wa Salem walitaka nini kwetu? Walitaka pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Sandarusi ilisafishwa huko Salem, ikafanywa vanishi ya kupakia samani. Pembe zilikatwa vibao vyembamba vya kufunikia vitufe vya piano, na nyingine zikafanywa vitana na tufe za kuchezea juu ya meza. Maana katika miaka ile watu wa Ulaya na Marekani, hata wasio matajiri wakubwa, walianza kupata fedha ya akiba, na kila mwenye nyumba nzuri alitaka piano barazani ili binti zake wajifunze kupiga. Basi tafakarini jambo hili. Huko, binti wa karani alikaa mbele ya piano. Huku, mke wa mwindaji wa Unyamwezi alijifunga doti ya merikani. Wote wawili walikuwa wanunuzi wapya wa vitu ambavyo bibi zao hawakuwa navyo, na kila mmoja alimlipa mwenziwe asiyemjua.

Biashara hii ilikuwa na ajabu moja, nayo ndiyo iliyoikuza. Bei ya pembe ilizidi kupanda karibu karne nzima, kwa kuwa wenye kuzitaka walizidi na ndovu hawakuzidi. Bei ya nguo ilizidi kushuka, kwa kuwa mitambo ya kusokota na kufuma ilizidi kuwa mizuri. Kwa hiyo mtu wa bara aliyeleta frasila moja ya pembe alipata nguo nyingi kuliko zile alizozipata baba yake kwa frasila kama hiyo. Nguo ambayo zamani ilivaliwa na watemi na jamaa zao ikashuka kidogo kidogo mpaka kwa mpagazi na mkulima. Watu waliokuwa wakivaa ngozi au magome ya miti wakaanza kuona haya kuonekana nazo sokoni. Hivyo ndivyo haja inavyozaliwa: kitu cha anasa cha mwaka huu, mwakani ni kitu cha lazima.

Sasa nafika penye neno ambalo kwa ajili yake nimeomba saa hii ya kuzungumza nanyi. Watu wengi, hata wenye elimu, hudhani kwamba katika biashara ile mzungu alileta takataka yoyote aliyokuwa nayo, na mwenyeji akaipokea kwa shukrani, kwa kuwa hakujua tofauti. Dhana hiyo si kweli hata kidogo. Nitawapa ushahidi wa wageni wenyewe, ambao hawakuwa na sababu ya kutusifu.

Richard Burton alisafiri kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hata 1859. Aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana katika biashara ya bara zilihesabiwa kadiri ya 400, na nyingi zina jina lake na bei yake. Mwaka 1871 Henry Stanley alikuwa Unguja akijitayarisha kwenda kumtafuta Livingstone. Hakujua anunue nini wala kiasi gani, ikambidi aende kwa wafanyi biashara wa Kiarabu kuulizia, kama mtoto anayefundishwa alifu na be. Akaambiwa kwamba shanga nyeusi zinapokewa Ugogo, lakini kwingine hazina thamani yo yote. Zile kubwa kama yai, ziitwazo sungomaji, zinatakiwa Ujiji, na njiani watu wote watazikataa. Shanga nyeupe zinakubaliwa Ufipa, lakini zinadharauliwa Ukonongo. Ikambidi afanye hesabu ya siku atakazokaa katika kila nchi, anunue rangi ya kila nchi kwa kadiri ya siku hizo, maana akikosea atakuwa na mizigo ya wapagazi wengi isiyoweza kumpatia kibaba cha mtama.

Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1883, Joseph Thomson alikuwa akienda nchi ya Wamasai. Alipofika Taveta, shanga alikuwa nazo tele, tena za rangi ipasayo. Hata hivyo hazikufaa, kwa kuwa Wamasai hawakuzipokea ila zimetungwa kwa urefu wanaoutaka wao. Msafara wote ukakaa chini kutunga shanga siku kwa siku, watu wazima wenye bunduki wakifanya kazi ya mabinti. Mimi kila nikisoma habari hiyo hucheka. Lakini mwenye shanga hakucheka. Alijua kwamba asipotunga hatauza.

Shanga zenyewe zilifanywa mbali sana, nyingi zikitoka Venice, katika Italia. Barua ya kutaka rangi fulani ilitoka bara kwa mdomo wa kiongozi wa msafara, ikafika Bagamoyo au Pangani, ikavuka mpaka Unguja kwa Mhindi mwenye duka, yeye akamwambia wakili wa Ulaya, wakili akaandika kwao. Mpaka shanga zitoke kiwandani na kurudi njia ile ile, pengine mwaka mmoja umepita, au miwili. Katika muda huo mabinti wa nchi ile wamekwisha badili shauri! Mfanyi biashara mmoja baada ya mwingine aliachwa na mapipa ya shanga asiyoweza kumpa mtu hata bure. Tunasikia sana habari za tajiri aliyemdhulumu maskini katika biashara ile, na dhuluma ilikuwapo, nami nitaitaja. Lakini habari za tajiri aliyefilisiwa na rangi isiyopendwa na wasichana wa kijiji kimoja, hizo husimuliwa mara chache.

Na nguo vile vile. Kwa nini merikani ikazishinda nguo nyingine? Kwa sababu ilikuwa nzito, ikadumu, tena ikivaliwa porini haichaniki upesi. Watu wa Manchester, ambao viwanda vyao vilikuwa vikubwa kuliko vyote duniani, walijaribu kuiiga, wakaleta nguo inayofanana nayo kwa macho. Wanunuzi waliishika kwa vidole, wakaifua, wakaona wanga umetoka na nyuzi zimelegea. Wakaiacha. Huko Salem mwaka 1847 kilianza kazi kiwanda cha Naumkeag, kilichoendeshwa kwa mvuke, na nguo zake zikaja pwani yetu kwa wingi.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1861 Wamarekani walianza kupigana wao kwa wao, majimbo ya kaskazini na yale ya kusini, na pamba ililimwa kusini. Kwa miaka minne viwanda vya kaskazini vilikosa pamba, na bei yake ikapanda duniani kote. Unguja merikani ikaadimika. Mlango uliofungwa kwa Salem ukafunguka kwa wengine: Waingereza wakarudi na nguo zao, na baada yao wakaja watu wa Bombay, ambao viwanda vyao vya mvuke vilianza katika miaka ya 1850. Watu wa Bombay walikuwa na faida moja kubwa. Ndugu zao walikuwa wenye maduka Unguja na Mombasa na Lamu, wakisikia kwa masikio yao mnunuzi anavyonung'unika. Kabla karne haijakwisha, Bombay ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko. Lakini jina halikubadilika. Nguo ilifumwa Bombay ikaitwa merikani. Baadaye, katika miaka ya 1930, Wajapani walipoleta nguo zao kwa bei rahisi wakawapita watu wote, nazo pia zikaitwa merikani. Nchi ilikwenda zake, jina likabaki.

Nimesema nitaitaja dhuluma, nami sipendi kuipita upesi. Pembe zile zilibebwa mabegani kwa watu, kila mmoja ratli 70 au zaidi, mwendo wa miezi, na katika wabebaji walikuwamo walioajiriwa kwa hiari yao, na walikuwamo watumwa. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa waliotolewa bara kwa nguvu, na utajiri mkubwa uliouona mji wa Unguja ulisimama juu ya migongo yao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukukoma siku ile. Tena kulikuwa na hasara nyingine isiyopigiwa kelele. Burton alipokuwa Unyamwezi aliona mafundi wakifuma nguo za pamba kwa vitanda vyao vya mfumi. Ufipa nako walikuwapo wafumaji hodari, na kazi yao haikufa upesi. Lakini kwa jumla, kila jora la merikani lililofika bara lilipunguza sababu ya kijana kukaa na babu yake ajifunze kufuma. Mtu akipata nguo rahisi kutoka mbali hufurahi, na furaha yake ni ya haki. Fundi wa jirani yake hafurahi, naye ana haki yake vile vile. Sijaona bado hesabu iwezayo kuwapatanisha hao wawili.

Sasa tuje kwenye kanga, ambayo ndiyo ninayoipenda zaidi.

Zamani Wareno walileta pwani hii vitambaa vya mraba vya kufungia kichwa, na neno lao la kitambaa hicho likawa kwetu leso. Katika karne ya 19 leso zenye rangi zililetwa zimefuatana katika jora moja, muuzaji akikata moja moja. Wanawake wa pwani wakavumbua jambo. Wakanunua leso sita zisizokatwa mbalimbali, wakazigawa tatu kwa tatu, wakazishona pamoja ubavu kwa ubavu. Ikapatikana nguo moja pana yenye maua, ya namna ambayo hakuna kiwanda duniani kilichokuwa kikiifanya. Wenye maduka walipoona mtindo huo hawakukawia. Waliandika Ulaya kutaka nguo nzima iliyopigwa chapa hivyo, yenye pindo pande zote na mji katikati. Jina la kanga, husemwa, lilitokana na madoadoa meupe ya nguo za kwanza, yaliyofanana na manyoya ya ndege yule. Viwanda vya Uingereza na Uholanzi vikazichapa, hasa kile cha P. F. van Vlissingen mjini Helmond, na mafundi wao wakakaa usiku wakichora maua kwa ajili ya wanawake wasiopata kuwaona. Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alifungua duka lake mwaka 1887, na kanga zake zenye chapa "Mali ya Abdulla" zikajulikana pwani nzima. Husemwa kwamba ndiye aliyezidisha desturi ya kuandika maneno juu ya kanga. Maneno hayo hapo kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi.

Jambo kubwa kuliko hayo yote lilitokea Unguja. Mtumwa wa kike alijulikana kwa nguo yake: kaniki nyeusi au merikani iliyochakaa, kichwa wazi, miguu mitupu. Tarehe 6 Aprili 1897 ilitoka amri ya Sultani Hamud bin Muhammad kwamba mtumwa aweza kudai uhuru wake mbele ya hakimu. Wengi wakadai. Na mwanamke aliyepata uhuru, akafanya kibarua cha kuchuma karafuu au kutwanga au kuuza vitumbua, alifanya nini na pesa zake za kwanza? Alinunua kanga. Wageni waliokuwa wakitazama walicheka, wakaandika kwamba watu hawa ni wapuuzi, wanatupa fedha katika mapambo badala ya kuweka akiba. Mimi nasema hao hawakuelewa walichokiona. Mwanamke yule hakununua maua na madoadoa. Alinunua kutoitwa tena kwa jina la nguo aliyovikwa na mwingine. Hata neno kaniki likawa tusi katika vinywa vya watu, na wachuuzi wakaona robota za kaniki zikilala mjini huku kanga zikigombaniwa kabla hazijafunguliwa.

Na maua yale hayakukaa. Kanga iliyotakwa mwezi huu, mwezi ujao mwanamke mwenye heshima haonekani nayo arusini. Wenye maduka ya jumla walilalamika sana, maana nguo ikichelewa baharini yaweza kufika wakati wenyeji wamekwisha ichoka. Ikawa desturi kuwauliza wanawake wenyewe rangi gani itafuata, na jina gani liandikwe. Labda katika historia ya pwani hii hakuna watu waliotii amri za mwanamke maskini kama walivyotii wachapaji wa Manchester na Helmond.

Mambo yaliyofuata nitayapitia haraka, kwa kuwa wengi wenu mwayajua. Baada ya uhuru, nchi zetu zilitaka kufuma nguo zao. Mwaka 1968 kilifunguliwa Dar es Salaam kiwanda cha Urafiki, kwa msaada wa Wachina, na kanga na vitenge vyake vikavaliwa Tanzania nzima. Katika miaka ya 1980 viwanda vingi vya namna hiyo vilidhoofika, milango ya biashara ikafunguliwa, na mitumba ikaingia kwa marobota. Mwaka 1940 nguo ya kigeni ilikuja ikiwa mpya. Siku hizi huja ikiwa imevaliwa, na mnunuzi huichagua kwa uangalifu ule ule, akiitazama mshono na kifungo, akiuliza bei mara tatu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kidogo kidogo ili viwanda vya hapa vipate nafasi. Marekani ikatishia kuondoa ruhusa ya kuingiza bidhaa zetu kwao bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda haikurudi, ikaweka ushuru mkubwa, na mwaka 2018 ikapoteza ruhusa hiyo kwa nguo zake. Ni lile neno la mfumaji wa Unyamwezi na jirani yake, limerudi likiwa limevaa koti na tai.

Kanga haikuondoka. Nyingi sasa huchapwa India, nazo zauzwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kama zilivyouzwa zamani, jozi kwa jozi.

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alinipa pesa, akanituma dukani nimletee kanga. Nilichagua nyekundu yenye mikorosho, nikaona nimechagua vema, nikairudisha nyumbani mbio. Bibi akaikunjua, akasoma jina, akaikunja tena bila kusema. Jina lile lilikuwa la kumsuta jirani. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nilikutuma kanga, sikukutuma ugomvi. Mwenye duka mwambie hii naitaka kwa rangi, siitaki kwa maneno." Nikarudi kwa haya nyingi. Yule mzee mwenye duka hakukasirika. Aliniuliza, "Bibi yako amesema maneno mabaya, au amesema rangi mbaya?" Nikamjibu kama nilivyoambiwa. Akachukua penseli kutoka nyuma ya sikio, akafungua daftari lake, akaandika mstari mmoja. Kisha akaniambia kwamba mimi ni mtu wa tatu juma lile kuirudisha kanga ile kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba barua yake ya kwenda Bombay itaondoka Alhamisi.

Kwaherini, wasikilizaji wangu.